Chakula Kiliongezeka, Mama Kibet Akapungua

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nimwonapo mtu akisukuma sahani kando na huku tumbo lake bado linalia. Ni siku niliyokula mbele ya umati pale kituo cha kununulia majani chai, hapa Boito, nikitafuna polepole huku mume wangu amemkaba mtu shati. Nimesikia kwamba siku hizi wewe unakula mara moja tu, jioni, na mchana wote unaupitisha na kikombe cha dawa ya kupunguza mwili uliyoiona kwenye simu. Sikucheki. Mimi pia nilitaka kupungua, na nilianza vibaya kukushinda. Vuta kigoda basi, nikueleze.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Nilizaliwa upande wa Kapsoit nikaolewa huku na Joel, baba yake Kibet, huyu mzee mnayemwona akichunga ndama kama watoto wake. Wakati huo alikuwa kijana mwenye mabega, kazi yake kuchochea moto kiwandani. Mimi nilibaki na shamba letu la majani chai, ng'ombe mmoja na watoto. Nilipomzaa kitinda mimba nilinenepa, na haikuwa neema. Magoti yaliuma. Nikipanda kilima kutoka mtoni na kikapu mgongoni, nilisimama kila kona nikijifanya nafunga leso. Mwisho nikawa natuma majani yangu kituoni kwa punda wa jirani. Nilipokwenda zahanati kupimwa presha, muuguzi aliitazama mashine, akanitazama mimi, akasema, "Mama, huu mwili tuupunguze." Watu walikuwa wengi kwenye foleni. Hakusema namna, nami sikuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini siku ile niliona haya.

Basi nikajifundisha mwenyewe, na mwalimu wangu akawa mjinga. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi yenye sukari tele, maana sukari sikuihesabu kuwa chakula. Mchana, chai tena. Kufika jioni mikono ilikuwa ikitetemeka. Mwenye njaa hana miiko, mwanangu. Nilisonga ugali wa watoto na kabla haujafika mezani nilikuwa nimekwisha kumega, nimesimama pale jikoni, nikashukia ukoko, nikamalizia makombo ya sahani zao, na mandazi ya kesho nikayala leo. Asubuhi nilijuta na kuanza upya. Mwili haukupungua hata kidogo. Kilichopungua ni uvumilivu wangu. Niliwafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka.

Joel aliona yote hayo. Siku moja wageni wamejaa nyumbani, akasema kwa sauti, "Huyu mama ya Kibet anafunga kama nabii, lakini ananenepa kama mbuzi wa Krismasi." Wageni walicheka, naye akacheka zaidi. Mimi nilimimina chai nikatabasamu. Lakini kicheko kile kiliingia mahali, kikakaa.

Baadaye kidogo nilianguka shambani. Macho yaliingia giza, kikapu kikamwagika, nikaamka nikiwa nimelala kati ya mistari ya chai, majani mabichi yananigusa uso. Nikarudi zahanati. Muuguzi alikuwa yule yule, Akinyi, mwanamke wa upande wa ziwani aliyekuwa amekaa huku miaka mingi. Safari hii alifunga mlango.

"Umekula nini leo, mama?"

"Chai."

"Na jana mchana?"

"Chai."

"Na jana jioni?"

Nikatazama sakafu.

Hakucheka. Nilimpenda kwa hilo. Alivuta kiti karibu akasema, "Nani alikuambia ukae na njaa? Mimi nilisema tupunguze mwili, sikusema upunguze chakula cha mchana. Unapanda hii milima na kikapu, unakamua, unalima, na mwili wako unaupatia maji ya sukari. Mtoto wako wa nasari anakula mchana kukushinda. Ndio maana jioni mwili unakuja na hasira. Sasa uende nyumbani ukule."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nikule?"

"Ukule. Ukule mingi kuliko hiyo unakula mchana. Lakini iwe chakula."

Akanieleza kuhusu kalori, nguvu iliyomo ndani ya chakula. Alisema ni kama kuni. Sukari ni nyasi kavu, inawaka pu! na kuzima, kisha unatafuta nyingine. Maharagwe, mayai, viazi vitamu, ni gogo linalowaka polepole. Mke wa mchochea moto alielewa hapo hapo. Akaniambia nianze asubuhi, si mchana: uji wa wimbi na maziwa, na yai kama kuku ametaga. Kabla jua halijapanda sana, kiazi kitamu na kipande cha avokado. Mchana, maharagwe au ndengu na managu au sukuma, niweke mboga nyingi hata zifunike bakuli. Alasiri, konzi ya karanga au kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Jioni nikae chini na watu wangu, nile nikiwa nimeketi, kidogo kuliko nilivyozoea, maana njaa ya kichaa haitakuwepo. Na sukari niipunguze taratibu, kijiko baada ya kijiko.

"Hiyo avokado si mafuta?" nikamuuliza.

"Ni mafuta mazuri, lakini usimalize mti. Yale ya kuogopa ni ya kukaanga mandazi kila siku. Na ukipata nguvu, hiyo kikapu ubebe mwenyewe. Chakula kiingie, kazi itoke. Halafu urudi nikupime presha."

Nilifanya hivyo, ingawa kwa woga. Kila tonge la mchana niliona kama dhambi. Lakini baada ya muda mikono iliacha kutetemeka. Nilimwambia jirani apumzishe punda wake, nikabeba majani yangu mwenyewe. Mtumbuizo niliokuwa nimeusahau ukanirudia, nilichuma nikiimba. Jioni ugali ulinikuta nimetulia, na kipande kidogo kilinitosha. Kisha siku moja ya Jumapili nikavaa gauni langu la kanisani, likanining'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Ilibidi nimpelekee fundi alishone upya.

Sasa sikiliza palipoharibika. Sikumwambia Joel. Kwanza, hapa kwetu mwanamke anayekula mchana peke yake, mume hayupo, watoto hawapo, huitwa mlafi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na msemo mkali juu ya wanawake wanaofunua sufuria. Pili, sikutaka kuchekwa tena. Kwa hiyo niliondoka nyumbani na bakuli mbili zenye mifuniko nimezifunga kwenye leso, moja ya asubuhi na moja ya mchana, nikala huko kati ya chai ambako hakuna wa kunihesabia. Mficha uchi hazai, wazee walisema. Mimi nilificha maharagwe, nikazaa balaa.

Joel alikuwa akitoka kiwandani mapema alasiri. Akifunua sufuria anakuta maharagwe yamepungua. Mursik kwenye kibuyu umeshuka. Mayai hayapo.

"Maharagwe yameenda wapi?"

"Yameliwa."

"Na nani? Watoto wako shule."

"Na watu," nikasema, nikacheka kidogo. Kicheko kile kilikuwa kibaya. Aliutazama uso wangu, kisha akatazama kiuno.

Kuanzia hapo wivu uliingia nyumbani mwetu. Mwanangu, wivu ni kama gugu la thangari shambani. Majani unaweza kuyang'oa kwa mkono, lakini mzizi unatembea chini kwa chini hadi kwenye mahindi. Alianza kunusa bakuli nilizorudi nazo. Akaniuliza fundi wa nguo alinipima wapi, na kama alitumia utepe au mikono. Kanisani aliacha kukaa na wanaume wenzake. Alikaa nyuma yangu apate kuona nani ananisalimia na kwa muda gani. Akisema, "Siku hizi unapendeza," alilisema kama askari anayesoma mashtaka. Nikijipaka mafuta aliuliza naenda kwa nani. Nisipojipaka, aliuliza nimeambiwa na nani niache. Chakula nilichompakulia alikikoroga tu akisubiri kuona kama mimi nitakula, na kwa kuwa jioni sikuwa na njaa nyingi, nilikula kidogo. Hilo likamthibitishia shaka yake.

Asubuhi moja, akifunga kamba za viatu vya kazi, alinena bila kuinua kichwa.

"Mama Kibet, mimi nimefikiria sana. Chakula kinatoka hapa nyumbani kingi kuliko zamani. Watoto wako shule. Wewe unazidi kupungua. Basi kuna mtu mahali ananenepa."

Ningeweza kumwambia pale pale. Maneno yalifika ulimini. Lakini nilikuwa nimechoka kunuswa kama mbwa anavyonusa mgeni, na hasira ikanitangulia. Nikasema, "Basi mtafute huyo anayenenepa."

Naye akatafuta, na kwa bahati mbaya akampata.

Pale kituoni palikuwa na karani wa kupima majani, kijana mmoja kutoka ziwani aitwaye Odhiambo. Alikuja akiwa mwembamba kama ufito. Mwaka ule alikuwa ameoa, na mke wake alijua kupika. Tumbo likaanza kuchungulia kati ya vifungo vya shati. Sote tulimtania. Joel hakutania. Alikuwa akipita pale akitoka kazini, akisimama kando ya barabara akilitazama lile tumbo jinsi linavyokua, na kila lilivyokua aliona maharagwe yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua nyembamba. Tulipanga foleni na vikapu, wanaume kwa wanawake, majani yamelowa. Baba mkwe wangu alikuwepo pia, Mzee arap Tonui, ameleta majani yake, ameketi kwenye benchi na fimbo kati ya magoti. Zamu yangu ilikuwa imekaribia. Odhiambo aliponiona alisema kama alivyomwambia kila mtu, "Karibu, mama, leo umeleta mlima." Joel alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa kituo. Alitoka, akapita mbele ya watu wote, akamkaba Odhiambo shati karibu na koo.

"Umeshiba?" akamuuliza. "Nauliza, umeshiba? Hii tumbo ni maharagwe yangu! Mayai yangu! Mke wangu anakonda ukinenepa wewe!"

Mwanzoni watu walicheka, maana maneno yale yalikuwa ya kuchekesha. Kisha wakamwona macho. Wanaume wawili watatu walisogea, na sikujua wamesogea kuamua au kusaidia kupiga. Kijana yule alikuwa mgeni hapa, mwanangu. Mtu akimwita mgeni mwizi wa wake mbele ya umati, hakuna ajuaye neno hilo litaishia wapi. Odhiambo alijua. Niliona midomo yake imekauka.

Niliweka kikapu chini. Nikafungua leso. Bakuli ya asubuhi ilikuwa tupu, lakini siku hiyo mvua ilikuwa imenichelewesha na bakuli ya mchana ilikuwa bado imejaa: maharagwe, managu, nusu ya kiazi kitamu, yai na kipande cha avokado. Nikaketi juu ya kikapu kilichofunikwa gunia. Nikasema, "Baba Kibet, nitazame mimi. Mwache huyo, nitazame mimi."

Nikala.

Hujui lilikuwa jambo zito kiasi gani. Kwa desturi tuliyolelewa nayo, mke wa mtu hali mbele ya baba mkwe wake, sembuse barabarani, mbele ya wanaume, amekaa juu ya kikapu. Nilikula maharagwe kijiko baada ya kijiko. Nikala yai. Machozi yalishuka yakaingia kwenye managu, nikayala nayo. Nilipofika kwenye kiazi nilisikia fimbo ikigonga sakafu. Mzee arap Tonui alikuwa ameinuka. Aligeuka polepole akanipa mgongo, akatazama mashamba kule chini, ili asinione nikila. Na akiwa amenipa mgongo hivyo, akasema na mwanawe.

"Kiprono." Alimwita kwa jina la utotoni. "Umeuona mdomo unaokula maharagwe yako?"

"Nimeuona, Baba."

"Ni wa nani?"

"Wa mama Kibet."

"Basi mwachilie mtoto wa watu."

Mkono ulitoka kwenye shati. Mzee akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilipokwenda Kapsoit kukuombea mke, wazee wa kule waliniuliza kama nyumbani kwetu kuna chakula. Nikasema kipo. Hawakuniuliza kama binti yao atahesabiwa tonge, maana hakuna aliyefikiri nyumba kama hiyo ipo. Leo umenifanya mwongo. Na huyu kijana yuko mbali na mama yake. Maneno uliyotupa hapa, yakiokotwa na mtu mbaya, yanachoma nyumba. Yaokote mwenyewe, yote, sasa hivi, watu wakisikia."

Joel alinyanyua kofia yake iliyokuwa imeanguka. "Odhiambo, nisamehe," akasema. "Nilikosea. Sijaona kosa lako, na sitasema tena."

Odhiambo alipapasa koo lake. "Ndugu yangu," akasema, na sauti ilikuwa bado inakwaruza, "hii tumbo ni ya samaki. Mimi hata maharagwe sipendi." Hapo watu wakacheka kicheko kingine, cha kupumua. Joel hakucheka. Alichukua kikapu changu akakipeleka kwenye mzani mwenyewe, kisha akaondoka peke yake.

Nilimkuta nyumbani ameketi mlangoni. Nilipita ndani nikawasha moto. Baada ya kitambo aliuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinicheka mbele ya wageni."

Kisha akasema jambo ambalo sijamwambia mtu hadi leo, ila sasa yeye mwenyewe amenipa ruhusa nikuambie. Alisema, "Ulipokuwa mnene, mimi nililala vizuri. Nilijua hakuna mtu atakutazama mara mbili. Sasa hata mimi nakutazama mara mbili. Nikaogopa."

Maneno yale yaliniuma kuliko yale ya kituoni. Kumbe magoti yangu yalipouma, yeye alilala vizuri. Kumbe presha yangu ilikuwa kufuli ya mlango wake. Nilitaka kumrushia mwiko. Lakini nilimwona amejikunyata pale, mtu mzima mwenye mabega, na nikajua kwamba amesema kweli yake ya mwisho, hana nyingine. Nikamwambia, "Basi nitazame. Lakini ukitaka kujua kitu, uliza mdomo wangu, usiulize sufuria."

Nisikudanganye kwamba wivu uliisha siku ile. Thangari haiishi kwa jembe moja. Kwa muda mrefu, mtu akinisalimia sana, niliona shingo ya Joel ikigeuka. Tofauti ni kwamba sasa aliuliza, nami nilijibu, na mara nyingine nilikataa kujibu upuuzi, naye akanyamaza. Baba mkwe alimwagiza awaite Odhiambo na mke wake waje kula kwetu. Walikuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone: yule mke alileta omena, visamaki vidogo vya ziwani, akanionyesha jinsi ya kuzipika na nyanya bila kuzizamisha kwenye mafuta, na mpaka leo sijaziacha. Akatuambia huku akicheka kwamba muuguzi Akinyi alikuwa amemwonya mumewe naye apunguze tumbo. Joel akaanza kunipitia shambani akitoka kazini, nikamwekea bakuli yake. Presha yangu ilishuka. Ilichukua muda, lakini ilishuka, na Akinyi alinipiga begani kama mwanamume.

Sasa nikupe ninachotaka ushike, mwanangu. Gunia tupu halisimami. Ukitaka mwili upungue, usiutese kwa njaa mchana halafu ukaufungulia zizi jioni. Kula mapema, kula mara kwa mara, kula chakula kilichotoka ardhini na kwa mnyama, kisha kiweke kazini: tembea, beba, lima, panda kilima. Ongeza mboga na maharagwe na maziwa. Punguza sukari, soda na vya kukaangwa. Usipime mwili wako kwa picha ya mtu kwenye simu, kwa maana hujui yeye anaumwa nini. Nenda ukapimwe, uliza, na usiogope kuuliza tena. Miili hailingani, dawa ya yule si lazima iwe yako. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mwili nao unasema hivyo hivyo kila kunapokucha.

Na la pili, maana hili nalo linakondesha watu. Ukiona mwenzako anapendeza, usikimbilie kutafuta aliyeiba. Muulize anakula nini. Na atakayekupenda ukiwa mzito, akakuonea wivu ukiwa mwepesi, mwambie kweli mapema, kabla hajaanza kunusa bakuli. Usile ukijificha kana kwamba shibe ni kosa.

Mungu wa baba zetu akulinde. Akupe meno ya kutafuna hadi uzeeni na magoti ya kupanda kila kilima ulichoandikiwa. Ulale umeshiba, uamke na nguvu, na mtu utakayeketi naye mezani afurahi akikuona unakula.